Gari la Baba na Gari la Mpwa Wetu

Mwamkulu watu hutujua kwa gari kabla ya kutujua kwa majina. Mgeni akishuka kwenye bodaboda na kuuliza gereji ya wale ndugu wawili, huambiwa, "Nenda mpaka kwenye mwembe mkubwa, utaona Datsun nyeupe." Datsun hiyo ni 1600 SSS, tuliyoachiwa na marehemu baba. Sisi tulizaliwa tumbo moja, tukajifunza ufundi chini ya mkono mmoja, na tumezoea kusema "sisi" hata pale ambapo mmoja wetu tu ndiye aliyefanya jambo. Mtuwie radhi basi kama humu hamtajua ni nani kati yetu aliyesema neno gani. Mara nyingine hata wenyewe hatukumbuki, na kwa habari tunayotaka kueleza hapa kosa lilikuwa la wote wawili.

Mchungaji alipotuomba tuandike kuhusu imani na kazi ya mikono, tulidhani tutaandika juu ya uaminifu wa fundi: kutomdanganya mteja, kutotoa kifaa kizima na kuweka kibovu. Hayo nayo yanahitaji kuandikwa, hasa huku kwetu. Lakini kila tulipokaa na kalamu tulijikuta tumerudi kwenye Pasaka ya mwaka 2024, na kwenye ubishi wetu wa muda mrefu na mpwa wetu kuhusu magari ya zamani na magari ya siku hizi.

Tuanze na gari lenyewe, maana vijana wengi hawajaliona lolote la namna ile. Datsun 1600 SSS ni gari dogo la milango minne. Likiwa limesimama utadhani ni la karani wa wilaya: boneti bapa, taa nne za mviringo mbele, mwili ulionyooka kama sanduku. Chini ya boneti kuna injini ya sisi 1595, silinda nne, kabureta mbili. Nguvu zake ni kama farasi 100 hivi, na uzito wake haufiki tani moja. Hakuna kompyuta, hakuna sensa, na usukani hausaidiwi na kitu chochote isipokuwa mabega yako. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila moja linapanda na kushuka kivyake, hivyo moja likiingia shimoni mwenzake hasumbuki.

Kwa gari la aina hiyo Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1970. Siku zile mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilomita katika barabara zilezile walizotumia mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Hayakuwahi kufika huku kwetu Mpanda, lakini baba aliyafuata kwa redio ya betri kama mtu anayesubiri habari za mwanawe. Alikuwa fundi Tabora wakati huo. Alituhadithia hata tukachoka: Herrmann alivyorudia ushindi mwaka 1971, safari hii kwa Datsun 240Z, na jinsi mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alivyofunga akiwa na alama sawa kabisa na Harry Källström, akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama yake ya kwanza ya adhabu. Hadithi hiyo ya Mehta baba aliitumia kutukanya. Tukileta ripoti za shule zenye alama zinazolingana, aliuliza, "Nani amekwenda mbali zaidi bila adhabu?"

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa la kiroho. Kwa miaka mingi Safari Rally ilikimbizwa wakati wa Pasaka. Ijumaa Kuu, wakati kanisa linasimama chini ya msalaba, baba alikuwa na sikio moja huko Nairobi. Mwaka mmoja mama alizitoa betri za redio, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda nazo ibadani. Baba alikaa ibada nzima akimtazama mama kiunoni, na wazee wa kanisa wakadhani mambo mengine.

Gari alilinunua mwaka 1979 kwa mfanyabiashara mmoja wa Tabora, likiwa tayari limetembea sana. Lilifika Mpanda juu ya behewa la mizigo, kwa reli ile iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Tunaikumbuka siku hiyo. Tulikuwa wadogo, tukiwa tumevaa kaptula mpya za rangi ya buluu iliyoiva. Kaptula hizo tutazirudia baadaye.

Baba alitufundisha kwamba gari lile lina roho. Hilo ndilo neno lake. Alikuwa na kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono. Kabureta mbili lazima zivute hewa kwa kiasi kimoja. Moja ikivuta zaidi, injini inanung'unika kama ndugu walioachiwa shamba moja. Basi unaiacha injini iunguruma taratibu, ncha moja ya mpira unaiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, na unasikia hewa ikipita: shhh. Unahamia ya pili. Kama sauti ni nyembamba kuliko ile ya kwanza, unagusa skrubu kidogo, tena kidogo, mpaka zote mbili zinapumua sawa. Kazi hiyo haina mita wala taa. Ukiwa na hasira huwezi kuifanya, kwa sababu utasikia damu yako mwenyewe. Baba alisema ndiyo sala yake ya asubuhi, na mama alisema bora angesali ya kawaida.

Tukiwa watu wazima tuliirithi gereji na tukalirithi neno. Tuliwaambia wateja, tuliwaambia vijana wa kwaya, kwamba gari la zamani linasema na wewe. Klachi ikianza kuisha inakuambia mwezi mzima kabla. Tairi la nyuma likitaka kuteleza kwenye udongo mweusi wa mbuga, unalisikia kwenye kiti kabla ya kuliona. Hayo yote ni kweli, na hata leo hatuyafuti.

Mpwa wetu, mtoto wa pekee wa dada yetu mkubwa, anafanya biashara ya mpunga. Ni kijana mtulivu, mwenye shikamoo ndefu. Mwaka 2022 alirudi kutoka Dar es Salaam na Subaru Impreza WRX STI ya buluu, iliyotumika Japani. Injini lita mbili, turbo, magurudumu yote manne yanasukuma. Kwa miaka mingi viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze gari lenye zaidi ya farasi 280, na yake imeandikwa hizo 280 kamili. Uzito wake unakaribia tani moja na nusu. Ukikanyaga mafuta kwenye lami ya kwenda Tabora, mgongo unabanwa kwenye kiti na mazungumzo yanakatika.

Sisi tulilichukia gari lile tangu lilipofika. Tulimwambia kwamba linamdanganya. Ukikanyaga breki vibaya kompyuta inaachia na kukamata kwa niaba yako. Ukiingia kona kwa pupa magurudumu manne yanakutoa, na wewe unashuka ukidhani ni dereva. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi fundi hana cha kusikiliza, inabidi achomeke mashine impe nambari, kama mtu anayemtibu mgonjwa kwa kusoma tiketi yake. Mpwa wetu alitujibu kwa heshima kwamba Colin McRae alishinda Safari ya mwaka 1997 kwa Impreza, na kwamba barabara za Kenya hazikumhurumia mtu kwa sababu ana kompyuta. Tulimwambia McRae angeshinda hata kwa mkokoteni.

Kama tungeishia kwenye utani wa wajomba na mpwa, isingekuwa neno. Lakini tulilipeleka jambo hili mbele za Mungu, na kwa ubaya. Katika ibada ya nyumba kwa nyumba, zamu yetu ya kutoa neno, tulifundisha kwamba kuna Mkristo wa namna ya Datsun na Mkristo wa namna ya gari la kompyuta. Wa kwanza anajua udhaifu wake, anautunza kila asubuhi, anasikia njia. Wa pili anabebwa na vyombo, na siku umeme ukikatika hajui hata boneti linafunguliwa wapi. Watu walicheka na kuitikia amina. Mpwa wetu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa anatazama funguo mkononi mwake. Tulimwona, na tukaendelea kuhubiri.

Jumamosi kuu, tarehe 30 Machi 2024, alikuja gerejini na simu. Mwaka ule Safari Rally ilikuwa imerudi kwenye sikukuu ya Pasaka kama enzi za baba, na Kalle Rovanperä wa Finland alikuwa anaongoza kwa Toyota GR Yaris, gari lenye injini ndogo ya turbo na mota ya umeme juu yake. Tuliitazama video ile: gari linaruka, linatua, linaondoka kabla vumbi halijajua limeondoka. Tukasema hilo ni friji linalokimbia, halina roho.

"Wajomba," akasema, "na dereva je? Naye hana?"

Rovanperä amezaliwa mwaka 2000, na alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22. Hatukuwa na jibu, kwa hiyo tulifanya kile wanachofanya watu wasio na jibu. Tulifungua boneti la Datsun tumwonyeshe gari lenyewe. Tulikuwa tumeisafisha injini yote kwa ajili ya sikukuu, ikang'aa. Na ili ing'ae vizuri zaidi tulikuwa tumeondoa kitu kimoja: kifuniko ambacho baba alikata kutoka kwenye tyubu la tairi, akaivisha distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi. Kilikuwa kipande cheusi kibaya, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tulikiweka kwenye rafu.

Usiku ule, kama saa nne, mvua ikiwa inapiga bati hata hatusikiani, dada yetu alikuja anakimbia bila khanga kichwani. Anaishi na mama. Alisema mama ameangusha kikombe, na mdomo wake umekwenda upande.

Mpwa wetu alikuwa amelala kwetu. Alisema, "Wajomba, twende na langu, liko tayari."

Tukasema hapana. Lake liko chini mno, litakwama. Hii njia tunaijua sisi. Mama amezoea Datsun. Tulisema hivyo mama akiwa mikononi mwetu, upande mmoja wa mwili wake ukiwa mzito kama gunia lililolowa. Dada hakusema kitu. Aliingia nyuma, akapakata kichwa cha mama. Tuliwasha gari, likawaka mara moja, na tunakiri mbele zenu kwamba katika saa ile, mama yetu akiwa katika hali ile, tulifurahi kwamba liliwaka mara moja na kwamba mpwa wetu alisikia.

Anayejua barabara yetu wakati wa masika anajua kwamba taabu yake haipo kwenye matope tu. Ipo kwenye drifti, pale barabara inaposhuka na maji kupita juu yake. Maji yalikuwa yanapita, hayakuwa ya kutisha. Tumevuka makubwa zaidi. Tuliingia kwa gia ya kwanza, taratibu, kama baba alivyotufundisha. Katikati, feni ilirusha maji nyuma kwenye injini. Injini ikakohoa. Silinda moja, kisha mbili. Kisha kimya, na mvua.

Wote wawili tulijua palepale. Hatukuhitaji kufungua boneti. Kilichotakiwa kuwa juu ya distribyuta kilikuwa kwenye rafu nyumbani, kikavu.

Tulijaribu tena mpaka betri ikaanza kulegea. Mmoja wetu alishuka na kitambaa, akafungua, akafuta. Mvua ikajaza upya. Dada kule nyuma alianza kuomba kwa sauti ya chini. Tukajiunga naye, na maombi yetu hayakuwa mazuri. Tulikuwa tunamwomba Mungu aliwashe gari.

Ndipo tuliona taa nyuma yetu. Mpwa wetu alikuwa ametufuata mbali kidogo njia nzima, asituaibishe kwa kutukaribia. Alisimamisha gari ukingoni, na tulitegemea ajitose kwa kishindo kama vijana wanavyofanya. Hakujitosa. Alishuka, akakunja suruali, akakata fimbo, akaingia majini kwa miguu. Alitembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine akipima kila hatua, upande wa kushoto ambako maji yalikuwa chini ya goti, akarudi, akapima tena. Kisha akaja dirishani akasema, "Shikamooni. Tumhamishe bibi."

Huyo ndiye tuliyemhubiri kwamba anabebwa na vyombo. Sisi tuliojisifu kwamba tunasikia njia, tuliingia bila hata kushuka kutazama.

Tulimbeba mama kwenye mikono tuliyofungamanisha kama kiti. Datsun tuliiacha majini. Impreza ilivuka polepole sana, magurudumu yote manne yakishika, ikapanda ng'ambo kama mtu anayetoka kwenye ngazi. Na humo ndani tuligundua jambo ambalo hatukulitegemea. Kulikuwa kimya. Vioo vimefungwa, hakuna mtetemo, injini haisikiki zaidi ya paka anayelala. Tuliweza kusikia pumzi ya mama. Ilikuwa inavuta, inakwama kidogo, inatoka. Tulisikiliza njia nzima hadi mjini, vichwa vimeinama, kama tulivyosikiliza kabureta za baba. Ndani ya Datsun tusingeisikia.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba tumefika mapema kiasi. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya zamu ya usiku, na hatujui jina lake, lakini tunamwombea.

Kukapambazuka Pasaka. Kutoka kwenye ujia wa wodi tulisikia matarumbeta kwa mbali. Ni saa ambayo watu huenda makaburini kumtangaza Bwana aliyefufuka, na kila mwaka sisi huwa kwenye kaburi la baba. Tulikaa kwenye benchi na dada. Tulianza kumwomba radhi kwa habari ya kifuniko na kwa kumkatalia mwanawe. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Dada yetu si mtu wa maneno mengi. Alisema:

"Mimi hilo gari nalijua kuliko ninyi. Siku liliposhushwa kituoni nilikuwa nimeshashonewa sare."

Mwaka 1979 alikuwa na miaka 14. Alikuwa amemaliza darasa la saba na kufaulu, lakini nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache na hakuchaguliwa. Shule moja ya binafsi ilimkubali kwa ada. Baba aliuza mpunga, akauza na ng'ombe wawili, na fedha ikawekwa. Kisha yule mfanyabiashara wa Tabora akatangaza bei ya Datsun. Baba alisema ni kwa mwaka mmoja tu, gari litaleta fedha, mwakani binti ataenda. Mwaka uliofuata mafuta yalikuwa hayapatikani, na miaka ile magari binafsi hata yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Nafasi shuleni ikapita. Dada hakwenda shule tena.

"Sare aliifumua mama," akasema. "Sketi ilikuwa mbili. Akawashonea kaptula."

Hatutasema kwamba hatukujua. Tulijua kama watoto wanavyojua, kwa kutouliza. Kwa miaka zaidi ya 40 tulilisifu gari lile mbele yake, kwenye meza yake, tukila ugali wake. Tulisema lina roho. Na kama kitu kile kilikuwa na chochote cha mtu ndani yake, basi ilikuwa miaka yake yeye.

Tangu hapo tumesoma mara nyingi sura ya 44 ya Isaya, habari ya yule fundi anayekata mti, nusu akaota moto na kupika chakula, na nusu akajifanyia kitu cha kukisujudia. Zamani tuliisoma kama habari ya wapagani. Siku hizi inatuuma kwa sababu nabii anamweleza yule mtu kama fundi mzuri. Anapima, anachora mstari, anatumia vyombo vyake sawasawa. Kosa lake haliko kwenye ufundi. Na tumeona pia kwamba hatukuabudu nguvu wala mwendo kasi, vile ambavyo wahubiri huwakemea vijana. Tuliabudu kitu kizee, cha kiasi, kinachotaka subira. Tuliona fahari ya unyenyekevu wa gari letu. Hilo ni gumu kulitubu, kwa kuwa ukiwa ndani yake unajiona uko upande wa Bwana.

Tulikaa sisi wawili tukajaribu kufanya kama Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu ya ada ya mwaka 1979. Tuliacha. Shilingi inahesabika kwa namna fulani, lakini kidato cha kwanza cha msichana wa miaka 14 unakirudishaje mara nne kwa mwanamke wa miaka 59? Tulimwendea tukamwambia, gari ni lako, tuambie kama tuliuze, fedha yote tukuletee. Kuna watu Dar es Salaam na Nairobi wanaotafuta Datsun za namna ile, na wanalipa.

Alifikiri siku tatu. Kisha akasema tusiliuze, tumfundishe kuliendesha.

Mpwa wetu ndiye aliyeivuta Datsun kutoka kwenye drifti, kwa kamba, siku ya pili ya Pasaka. Tuliikausha wiki nzima. Siku hizi kila Jumamosi anakuja asubuhi. Anajifunza kusikiliza kabureta kwa mpira, na ana sikio zuri kuliko letu, ingawa hatujamwambia bado. Naye ametununulia ile mashine ya kuchomeka kwenye magari ya kompyuta. Mwanzoni tuliishika kama watu wanaoshika nyoka aliyekufa. Sasa tunaona kwamba nayo ni namna ya kusikiliza, ila aliyeitengeneza alisikiliza kabla yetu na akaandika alichosikia. Kwenye ubishi bado tunabishana. Hatujakubali kwamba breki ya kompyuta ni bora kwa mtu anayejifunza, naye hajakubali kwamba ni mbaya.

Mama anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto haujarudi wote. Jioni tunamwekea kiti kwenye kivuli kando ya uwanja wa mpira, na dada anaingia kwenye Datsun, anasogeza kiti mbele, anafunga khanga vizuri kichwani. Mara ya kwanza ilizima mara sita. Sisi tulikuwa tunapiga kelele kutoka pembeni, klachi, klachi, achia polepole, mpaka akatoa kichwa dirishani akatuambia tunyamaze, anaisikia mwenyewe.

Kifuniko cha baba kimerudi mahali pake, na mpira wa baiskeli ni mpya. Dada anazunguka uwanja mara nne sasa bila kuzima, mama akimhesabia. Gia ya kurudi nyuma bado inamsumbua.